Usipuuze mlio wa gari: funzo kutoka Bondo

KAMA kuna jambo la kumfedhehesha mwenye gari, ni kuingia kwa kina mama yake huku gari likilia kama kitanda cha chuma cha zamani. Watoto husimama kando ya barabara wakicheka, na wazee walioketi dukani huinua vichwa kutazama ni nani huyo anayewasili kwa kelele. Hayo ndiyo yaliyonipata Agosti 2024, nilipokuwa nikimpeleka mama yangu Usenge kumwona dada yake, wanangu wawili wakiwa kwenye kiti cha nyuma.

Hata hivyo, leo nashukuru kwamba gari lile lililia. Lau lingenyamaza, huenda tusingefika.

Tulikuwa tumelala Kisumu baada ya safari ndefu kutoka Nairobi. Asubuhi tulishika barabara ya Busia, na tulipofika Kisian tukapinda kushoto kuelekea Bondo. Ni safari inayopendeza. Ziwa huonekana na kupotea, mashamba ya mahindi na mtama hufuatana, na huko Seme mawe makubwa husimama shambani kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Maarufu zaidi ni Kit Mikayi, maana yake jiwe la mke wa kwanza. Mama aliwasimulia wajukuu wake hadithi ya mzee aliyependa kukaa penye mawe hayo kila siku, hata mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi, akawa anajibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza.

Watoto walicheka sana. Lakini mimi nilikuwa nimetega sikio kwingine. Kila tulipopanda tuta, gari lilitoa mlio: nyii! Tulipolishuka: nyii! tena.

Mlio huo haukuwa mgeni kwangu. Ulianza miezi kadhaa nyuma, kwenye matuta ya mtaani kwetu Nairobi. Nililipeleka gari kwenye gereji moja, na kijana aliyelipokea alilisukuma mara moja kwa mkono, akatikisa kichwa na kuniambia shokabsoba zote nne zimekufa. Bei yake, pamoja na kazi, ilikuwa Sh28,000. Nilimwambia sina fedha hizo. Basi akachukua mkebe wa oili chafu ya injini, akapaka raba zote zilizokuwa chini ya gari, na mlio ukakoma. Nikamlipa Sh500, nikaenda zangu kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu majuma mawili.

Tulipofika Ndori, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Luanda Kotieno ambako watu huvuka kwa feri hadi Mbita, mwanangu mdogo alisema: “Mama, sasa gari linalia sauti mbili.”

Nilimwambia anyamaze. Lakini mama yangu hakunyamaza. Aliniuliza sauti ya pili ni ipi. Mtoto akaeleza kwamba moja hulia tukiruka tuta, na nyingine hulia nikikata kona. Hiyo ya kona haikuwa nyii. Ilikuwa kama mlango wenye kutu unaofunguliwa polepole.

“Hatuendi Usenge,” mama akasema. “Tutasimama Bondo, fundi alitazame kwanza.”

Chini ya mti

Bondo si mji mkubwa, lakini una shughuli nyingi. Bodaboda zimejipanga kwenye njia panda, akina mama wameketi na beseni za omena, na vijana wa chuo kikuu wanapita na mikoba yao mgongoni. Mwenye duka la vipuri alituelekeza kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mti mkubwa, mabati matatu, benchi la mbao na sanduku la spana. Nilitamani kurudi nyuma. Mama alikwisha kushuka.

“Jaduong', gari la mtoto wangu linalia,” alimwambia baada ya kusalimiana kwa Kijaluo.

Mzee hakuligusa gari. Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuniuliza maswali jinsi daktari anavyomuuliza mgonjwa.

“Nyathina, linalia asubuhi tu au mchana kutwa?”

Nikasema sijui.

“Mvua ikinyesha, linalia au linanyamaza?”

Nikakumbuka kwamba wakati wa mvua za Aprili sikusikia chochote.

“Linalia ukipanda tuta au ukizungusha usukani?”

Hapo mwanangu alijibu kabla yangu. Mzee alimtazama kwa makini, akatabasamu. “Huyu ndiye aliyesikiliza,” alisema. “Wewe ulikuwa unaendesha tu.”

Nilitahayari, lakini alikuwa amesema kweli. Wengi wetu tukisikia mlio tunaongeza sauti ya redio.

Kinachobeba gari

Ili tuelewane, msomaji, yafaa kujua ni vitu gani hulia. Kati ya gurudumu na bodi ya gari mna mpango mzima wa kupokea mishtuko ya barabara. Springi hubeba uzito na kunywea gari linapopita shimoni. Peke yake, springi ingeendelea kurukaruka kama mpira. Ndiyo maana kuna shokabsoba, bomba lenye mafuta ndani, ambalo kazi yake ni kuutuliza mruko huo. Gurudumu nalo limeshikwa kwa mkono wa chuma. Upande mmoja mkono huo hukaa kwenye bushi, yaani raba iliyovishwa chuma. Upande wa pili hukutana na gurudumu kwenye boljointi, kifundo cha duara kinachocheza ndani ya kikombe chenye grisi, mfano wa nyonga ya binadamu.

Mambo haya yana historia ndefu. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za magari ya farasi mwaka 1804. Mpangilio wa mbele ulio katika magari mengi madogo tuliyo nayo leo, ambapo springi na shokabsoba husimama pamoja kama nguzo moja, unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani. Magari ya kampuni ya Ford yaliueneza Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Lakini mzee wetu hakujifunzia kwenye vitabu. Alijifunzia kwenye Peugeot 504. Wasomaji wenye umri watayakumbuka magari hayo, hasa stesheni wagoni zilizobeba abiria kati ya Nairobi na miji ya magharibi. Zilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, na kwa hiyo ziliweza kubeba watu na mizigo mizito katika barabara mbovu. Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa mafundi wengi wa kizazi chake ilikuwa ndiyo shule.

“504 ilikuwa ikikuambia kabla haijaharibika,” alisema mzee. “Na haya ya sasa pia huwaambia. Ninyi ndio hamsikii.”

Vipimo vinne

Alipoinuka, alianza na kipimo cha kwanza. Aliweka mikono miwili juu ya kona moja ya gari, akaikandamiza kwa nguvu na kuiachia. Gari lilipanda, likashuka kidogo, likatulia. Akafanya hivyo katika kona zote nne. “Shokabsoba zako ni nzima,” akasema. “Ikiwa imechoka, gari hupanda na kushuka mara tatu au nne kabla ya kutulia. Kisha nachungulia kama inavuja mafuta. Hii haivuji.”

Sh28,000! Nilimeza mate.

Kipimo cha pili kilikuwa cha maji. Alichukua chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, akamwambia kijana wake aendelee kulitingisha gari huku mlio ukisikika. Yeye mwenyewe, amejilaza kando, akawa anamwagia maji raba moja baada ya nyingine, polepole. Alimwagia ya kwanza, mlio ukaendelea. Ya pili, ukaendelea. Alipomwagia raba inayoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, nyii ikakatika ghafla, kama mtoto aliyepewa titi.

“Huyu ni mmoja,” alisema. Maji huilainisha raba kwa muda mfupi, na kwa hiyo hufichua ni ipi iliyokauka. Nilielewa pia kwa nini gari halikulia wakati wa mvua.

Raba hiyo ilikuwa imevimba na kulegea. Mzee aliigusa, akanusa kidole chake, akaniuliza ni nani aliyepaka oili. Nikamweleza. Alisikitika. Oili ya injini na grisi ya kawaida hula raba, alisema. Huilainisha leo, na kesho huiharibu kabisa. Anayetaka kulainisha raba atumie mafuta ya silikoni, na hata hayo ni kwa raba ambayo bado ni nzima. Iliyokwisha hubadilishwa.

Kipimo cha tatu kilikuwa cha mkono na sikio. Kijana aliketi ndani akawa anazungusha usukani taratibu, kulia na kushoto, injini ikiwa imezimwa. Mzee aliweka kiganja juu ya springi, kisha akachukua kipande cha bomba la plastiki, ncha moja kwenye sikio lake, nyingine akaigusisha chuma kimoja baada ya kingine. Alimwita mwanangu naye asikilize. Mtoto alifungua macho. “Ni hapa!” alipiga kelele. Ulikuwa ule mlio wa mlango wenye kutu, na ulitoka kwenye boljointi ya kushoto.

Kwa kipimo cha nne gari lilipandishwa kwa jeki. Hapa naomba msomaji azingatie, kwani mzee hakuharakisha. Kwanza aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kisha, baada ya kupandisha, aliingiza stendi ya chuma chini ya bodi, ndipo akaisogelea. Alisema jeki ni ya kuinulia tu, haiaminiwi kushikilia gari mtu akiwa chini yake. Aliingiza mtaimbo chini ya gurudumu la kushoto, akaliinua. Lilicheza. Nililiona kwa macho yangu likipanda na kushuka bila mkono wa chuma kusogea.

Mlio wa pili

Alinionyesha. Kofia ya raba inayofunika grisi ya boljointi ilikuwa imepasuka. Vumbi na maji viliingia, grisi ikaisha, na chuma kikawa kinasagana na chuma. Hapo ndipo mlio wa pili ulipotoka.

“Na kingeendelea hivyo?” nilimuuliza.

Alichukua kiko cha udongo kilichovunjika karibu na mti, akaweka kidole kwenye tundu lake, akakichomoa. “Hivi,” alisema. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna la kufanya. Likitokea hilo gari likiwa limesimama, ni hasara. Likitokea ukiwa katika mwendo wa kasi, na lori likija mbele, ni msiba.

Nilitazama kiti cha nyuma, ambapo wanangu walikuwa wameketi kutoka Nairobi. Sikusema kitu.

Baadaye nilitafakari jambo lililonitia hofu zaidi. Ule mlio wa kwanza, wa raba, ulikuwa wa kuudhi tu. Haukuweza kutudhuru. Lakini kwa kuuzoea, nilikuwa nimeuzoea na wa pili. Na yule kijana wa Nairobi, kwa mkebe wake wa oili, hakutengeneza chochote. Alilinyamazisha gari, na kunyamazisha si kutengeneza.

Kusubiri mjini

Boljointi haikupatikana Bondo. Mzee alipiga simu Kisumu, nikalipa kwa M-Pesa, na kifurushi kikapakiwa kwenye matatu. Alisema tununue mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa sababu zilianza kazi siku moja. Tulikuwa na saa tatu za kusubiri.

Tulitembea mjini. Mama aliwaonyesha watoto vijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, ambacho kilipata hati yake kamili mwaka 2013. Akawaambia kwamba Jaramogi, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alizikwa nyumbani kwake huku huku Bondo mwaka 1994. Akaongeza kwamba kabla ya siasa kumchukua kabisa, alikuwa mwalimu, kisha mfanyabiashara. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, wakiwahimiza watu kuweka fedha pamoja na kujitegemea.

Nilimfikiria mzee wetu chini ya mti. Tangu Shirika la Kazi Duniani litoe ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, wataalamu wamekuwa wakiandika kuhusu kazi za aina hii, na mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali. Lakini sisi wa mjini bado tunaona kwamba fundi asiye na sakafu ya saruji hana ujuzi. Mimi nilikuwa nimeamini gereji yenye lango na risiti. Ilinidanganya. Aliyenieleza ukweli alikuwa na kigoda na chupa ya maji.

Tulikula ngege wa kukaanga kwa ugali, na tulipomaliza matatu ikawa imefika.

Namna alivyotengeneza

Kazi yenyewe ilichukua muda usiozidi saa mbili. Mzee aliondoa gurudumu, akalegeza nati, akaitoa boljointi kuukuu na kuniwekea mkononi. Ilicheza ovyo kama jino la mtoto. Mpya ilikuwa ngumu kuisogeza kwa kidole, na ndivyo inavyotakiwa. Baada ya kuikaza alipitisha pini kwenye nati ili isilegee njiani, akaikunja ncha zake. Akafanya vivyo hivyo upande wa kulia.

Kisha akabadilisha raba zilizoharibiwa na oili, zikiwamo bushi mbili za mkono wa chini. Hapo alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliziingiza bolti za bushi lakini hakuzikaza. Alirudisha gurudumu, akaliteremsha gari, akalitingisha mara kadhaa, ndipo akazikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Nilimuuliza sababu. Alieleza kwamba bushi hushikwa kwa chuma ndani na nje, na raba iliyo katikati hujipinda kufuata mwendo wa gurudumu. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, basi gari likiteremshwa raba itakuwa imekwisha kupindwa kabla hata hujaanza safari. Italia mapema na kuchanika mapema. “Wengi huja hapa wakisema wameuziwa bushi bandia,” alisema. “Bushi ni nzuri. Mkono ndio ulikosea.”

Mwishowe aliniagiza nikirudi Kisumu nipeleke gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu, kwa kuwa kazi ya namna hiyo huweza kuyapotosha, na tairi zikaliwa upande mmoja.

Vipuri vyote vilinigharimu Sh7,400. Kazi yake ilikuwa Sh2,000. Nilitaka kumwongezea, akakataa, ila alikubali soda.

“Nyar Nairobi,” aliniambia nilipowasha injini, na wenzake wakacheka, “gari likinyamaza ghafla bila kutengenezwa, usifurahi. Niletee.”

Hadi ziwani

Jua lilikuwa likishuka tulipoondoka. Kilima cha Got Ramogi, ambako Wajaluo husema ndiko mababu zao walipoanza makao katika nchi hii, kilisimama mbele yetu. Barabarani mlikuwa na matuta, na kila tulipofika penye moja watoto walishikilia pumzi. Tulipanda. Tukashuka. Kimya.

Usenge tulimkuta mama mkubwa ameketi nje ya nyumba yake. Nyuma yake ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya shaba, mashua zikirejea kutoka upande wa kisiwa cha Mageta, na nyavu za kuanikia omena zikikunjwa. Alisema hakusikia gari likiingia.

Msomaji, huenda nawe unaendesha gari linalolia, au unapanda matatu ambayo hulia kila asubuhi na dereva ameizoea. Si kila mlio ni hatari. Lakini kabla ya kununua shokabsoba nne, kandamiza kona ya gari uone inavyotulia. Jiulize kama linalia kwenye tuta au kwenye kona, penye ukavu au penye mvua. Mwagia maji raba moja moja. Na mlio ukitokea unapozungusha usukani, usingoje mwisho wa mwezi.

Boljointi ile kuukuu ninayo hadi leo. Imekaa kwenye kabati sebuleni, na mwanangu huwaonyesha wageni. Akiulizwa ni kitu gani, hujibu kwamba ndicho kilichokuwa kikilia, na mama akamwambia yeye anyamaze.